Mtumbwi wa marehemu baba, bloku la Einstein na mtoto wa chuo

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Igombe, Ilemela, mkoani Mwanza. Marehemu baba alikuwa fundi mitumbwi, na watu wa mwalo wetu na wa Kayenze wanaijua kazi ya mkono wake. Masika ya mwaka jana alianza kuumwa, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, hakurudi. Ameacha mtumbwi mmoja haujaisha, upo chini ya mwembe karibu na maji. Mkuku umelazwa, mataruma, yaani mbavu zake, yamesimama, mbao za upande wa kushoto zimefika juu, za kulia zimeishia katikati. Kalafati, kuziba nafasi kati ya mbao, hata haijaanza. Tajiri aliyeuagiza alishatoa advansi.

Baada ya msiba usingizi ulinikataa. Usiku nikawa nasikiliza mambo ya sayansi kwenye simu ili tu kuwe na sauti chumbani, ndipo nikakutana na habari za ulimwengu wa bloku: kwamba kwa nadharia ya Einstein, jana, leo na kesho zote zipo, hakuna iliyofutika wala inayosubiri kuumbwa. Nikasikia kuwa rafiki yake Besso alipofariki mwaka 1955, Einstein aliiandikia familia kwamba kwa sisi tunaoamini fizikia, tofauti ya wakati uliopita, uliopo na ujao ni njozi tu, japo ni njozi sugu. Mwalimu, nililia mpaka nikalala. Baba yupo! Yupo kwenye siku zake, penseli sikioni, jicho moja amelifumba anapima taruma. Kwenye ibada ya kumbukumbu nilisimama nikawaeleza ndugu. Mama aliniangalia, akasema, "Kwani mimi nilikwambia amekwenda wapi?" Akaendelea kupakua chakula.

Tatizo ni mtumbwi. Kaka yangu alifundishwa kazi na baba, anataka aumalize na tajiri apewe chake. Nimekataa. Najua haieleweki kirahisi, ila naona ukiisha ukaondoka, pale mahali ambapo baba yuko katikati ya kazi patakuwa pamefungwa. Kaka anasema nina wazimu wa simu. Siku hizi tunasalimiana kwa heshima ya mama tu.

Halafu mtoto wa dada yangu, anayesoma falsafa chuoni, akaja likizo. Nikamsimulia nikidhani ataniunga mkono. Akacheka. "Mamdogo, hilo bloku limeshakufa. Uvutano wa kwanta umeonyesha nafasi na wakati hazipo kabisa. Kuna mlinganyo wa ulimwengu mzima, na herufi ya wakati haimo ndani yake." Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyo. Lakini nimejiona nimefiwa upya. Hata kule nilikomweka baba, sasa naambiwa hakupo.

Je, kijana yuko sahihi? Nilimdanganya mama? Na mtumbwi niufanyeje?

Binti wa Fundi, Igombe

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa baba, na pole kwa huu wa pili ulioletwa na likizo ya chuo.

Nianze na kijana, kwa sababu amechanganya jambo la kweli na majigambo. La kweli ni hili: mlinganyo huo upo. Mwanafizikia Bryce DeWitt aliuchapisha mwaka 1967, akiwa amesukumwa sana na mwenzake John Wheeler, na ni kweli kwamba herufi ya wakati haimo. Chanzo chake si uzembe wa hesabu. Fizikia ya kwanta, ile ya atomu na elektroni, huuchukulia wakati kama saa iliyotundikwa ukutani, nje ya jambo linalochunguzwa. Nadharia ya Einstein ya mwaka 1915 inakataa saa ya namna hiyo. Kwake uvutano ndio huo mpindo wa nafasi na wakati wenyewe, kwa hiyo saa nayo ni sehemu ya mambo yanayochunguzwa. Ukilazimisha nadharia hizi mbili zikae meza moja na ukauchukua ulimwengu wote kwa pamoja, hakuna nje palipobaki pa kutundika saa. Wakati unatoweka kwenye karatasi. Wenyewe wanaliita tatizo la wakati, na neno muhimu hapo ni tatizo. Kijana amelisoma kama matokeo.

Aliposema "umeonyesha", ndipo alipoteleza. Uvutano wa kwanta haujaonyesha kitu bado. Ni jina la nadharia inayotafutwa ya kuziunganisha hizo mbili, na wanaoitafuta hawajakubaliana. Urefu ambao nafasi inadhaniwa kuanza kubadilika tabia unaitwa urefu wa Planck: andika sifuri, nukta, kisha sifuri nyingine 34, halafu 16, na hizo ni mita. Mashine kubwa ya kugonganisha chembe iliyopo Geneva inaona vitu vidogo mno, lakini kati ya inachokiona na urefu huo kuna pengo la tarakimu takriban 15. Hakuna jaribio lililowahi kuamua nani yuko sahihi.

Tena kuna kisa ambacho ningependa kijana akisikie. Mwaka 1995 wanafizikia Carlo Rovelli na Lee Smolin walichapisha hesabu inayosema kuwa katika nadharia yao, ile ya vitanzi, mojawapo ya majaribio ya kuupata uvutano wa kwanta, eneo na ujazo haviwezi kugawanywa bila mwisho: kuna vipande vya chini kabisa. Walifanya kazi moja, wakatia saini karatasi moja. Leo Rovelli anasema wakati si sehemu ya msingi wa ulimwengu, na Smolin anasema wakati ndio kitu halisi kuliko vyote. Ikiwa waliokaa na hesabu hizo pamoja hawajaafikiana kuhusu maana yake, mtoto wa likizo ameipata wapi hukumu?

Hapo kuna kosa la pili, la kifalsafa, na kwa mwanafunzi wa falsafa ni kubwa zaidi. Baadhi ya watafiti wanaamini nafasi na wakati si vitu vya msingi, kwamba vinatokana na kitu kingine kisicho na hapa wala pale. Mwanafizikia Juan Maldacena mwaka 1997 alipendekeza mfano wa kimahesabu ambamo ulimwengu wenye uvutano unalingana kabisa na nadharia isiyo na uvutano iliyoko mpakani mwake, na mwelekeo mmoja wa nafasi unajitokeza wenyewe. (Ulimwengu wa mfano ule umepinda kwa namna ambayo huu wetu haukupinda, kwa hiyo tusikimbilie kushangilia.) Sawa, tuchukulie wana haki. Kitu kutokana na kingine si sawa na kutokuwepo. Molekuli moja ya maji haina joto. Joto ni la molekuli nyingi kwa pamoja. Nani ameacha kupuliza chai kwa sababu hiyo? Kama siku zimetokana na kitu cha chini zaidi, baba yako naye, mikono yake na mbao zake vyote viko kwenye ngazi ileile ya siku. Hakuwahi kuishi kwenye urefu wa Planck.

Kuna swali gumu hapa na sitalificha, maana wewe si mtoto. Wanafalsafa wa fizikia Nick Huggett na Christian Wüthrich waliliandikia mwaka 2013: kila kipimo cha fizikia ni mshale wa kifaa fulani kuwa mahali fulani saa fulani. Nadharia ikisema mahali na saa hazipo, itathibitishwa kwa kipimo gani? Jibu lao ni kwamba nadharia inalazimika kwanza kueleza jinsi mahali na saa tunazozijua zinavyopatikana kutoka humo. Na hilo ndilo sharti ambalo kila nadharia ya uvutano wa kwanta inapaswa kulitimiza, hata iwe ya ajabu namna gani: ikifika kwenye ukubwa wa saa, mitumbwi na watu, irudishe majibu yaleyale ya Einstein.

Majibu hayo yamepimwa kweli. Saa iliyoko chini huenda polepole kuliko iliyoko juu. Ziwa letu la Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo saa iliyo kamilifu ikiwekwa hapo Igombe itaitangulia mwenzake wa ufukweni Dar es Salaam kwa takriban sehemu 10 za bilioni za sekunde kila siku. Ni kidogo mno, lakini saa za kisasa zinakamata tofauti ya namna hiyo kwa kuinuliwa chini ya mita moja tu. Wapimaji wa Marekani walilionyesha hilo mwaka 2010. Hakuna atakayekuja na uvutano wa kwanta akalifuta.

Sasa bloku lenyewe. Limetoka wapi? Limetoka kwenye nadharia ya Einstein ya 1905, ambayo mwanahisabati Hermann Minkowski aliivisha umbo la nafasi na wakati kuwa kitu kimoja, mwaka 1908. Chukua watu wawili hapo kwenu jioni: mmoja amekaa chini ya mwembe, mwingine anatembea kuelekea majini, kaskazini, upande ambao galaksi ya Andromeda inaonekana. Waulize, huko Andromeda nini kinatokea sasa hivi? Kwa hesabu za Einstein, "sasa hivi" zao za huko mbali zinatofautiana kwa siku kadhaa, kwa sababu tu mmoja anatembea. Wim Rietdijk mwaka 1966 na Hilary Putnam mwaka 1967 wakajenga hoja juu ya jambo hilo: kama hakuna "sasa" moja ya ulimwengu wote, basi huwezi kusema kilicho halisi ni cha sasa pekee, na kwa hiyo yote yapo, ya jana na ya kesho. Mwaka uliofuata mwanafalsafa Howard Stein akajibu kwamba hoja hiyo inadai zaidi ya kile fizikia inachotoa. Ugomvi huo haujaisha mpaka leo. Mimi binafsi naona Stein alikuwa na haki zaidi, lakini sitakuombea kura.

Unachopaswa kukiona ni kwamba uvutano wa kwanta haukuua bloku, wala haukulifufua. Wapo wanaouendea kwa njia inayowafaa wapinzani wa bloku: mwanafizikia Rafael Sorkin na wenzake watatu walianza mwaka 1987 kuujenga ulimwengu kutokana na matukio moja moja yanayofuatana, hili likisababisha lile, na katika baadhi ya maelezo yao ulimwengu unakua, matukio mapya yanaongezeka. Hata humo, mwanangu, tazama vizuri: kinachokosekana ni kesho. Yaliyokwisha tokea yamo, na hayaondolewi. Ugomvi mwingi wa wanafizikia hawa unaigusa kesho kuliko jana, na wewe ulikuwa unalilia jana.

Kuhusu barua ya Einstein, nisingeitumia kama ushahidi. Aliandika kuifariji familia ya Michele Besso, rafiki yake wa ofisi ya hataza Bern, mtu aliyemshukuru kwa jina kwenye karatasi ya 1905. Mwezi uliofuata Einstein mwenyewe akafariki. Na ni Einstein huyohuyo aliyemwambia mwanafalsafa Rudolf Carnap kwamba suala la "sasa" linamsumbua kweli, kwamba kwa mwanadamu lina uzito wa pekee ambao fizikia haiwezi kuushika. Kwa wafiwa alisema hivi, kwa mwanafalsafa akasema vile. Simlaumu. Ningekuwa na wasiwasi zaidi na mtu anayewaandikia wafiwa barua ileile anayoipeleka kwenye jarida.

Tuje kwenye mtumbwi, maana hapa ndipo ulipokosea hesabu, na mtoto wa chuo hakukusaidia.

Tuseme bloku ni kweli tupu. Basi ile siku baba alipopima taruma akiwa amefumba jicho moja ipo, mahali pake, tarehe yake, na mtumbwi nusu uko hapo mbele yake. Kaka yako akipigilia mbao ya mwisho mwaka huu, anapigilia mahali pengine kabisa pa bloku. Hawezi kuigusa ile siku. Hakuna nyundo inayofika kule. Kuuacha mtumbwi bila kumalizwa hakumwongezei baba hata dakika, wala kuumaliza hakumpunguzii. Uliposema patafungwa, ulikuwa umeshaacha bloku na kurudi kwenye mawazo ya kawaida ya msibani, kwamba baba yuko sasa hivi, pale chini ya mwembe, anangoja. Ni mawazo ya kibinadamu na nayaheshimu, ila Einstein hakuyasema.

Tuseme bloku ni uongo. Basi kilichopo ni mbao, na mbao zinapigwa na jua. Mtumbwi uliokaa nchi kavu kiangazi kizima unakauka, mbao zinasinyaa, nafasi kati yake zinapanuka, na mchwa hawana haja ya kusoma falsafa. Kila mwezi unaopita kaka yako atahitaji pamba zaidi ya kalafati, na huenda mbao kadhaa za baba zikalazimika kung'olewa. Kwa vyovyote vile, fizikia iende huku au kule, huo mtumbwi unatakiwa umalizwe.

Kuna na jambo jingine ambalo waliokupa faraja hiyo usiku hawakukuambia. Bloku halichagui. Likikupa zile siku za penseli sikioni, linakupa na wodi, na usiku ule wa mwisho, vyote vikiwepo sawasawa. Siku ya mwisho ya baba haina haki ndogo ya kuwepo kuliko ya kwanza. Mtu akiniuliza kama hiyo ni faraja, nitamwambia inategemea aliugua vipi.

Mama hukumdanganya, kwa sababu mama hakuitegemea hoja yako. Alikujibu palepale, na jibu lake halikutoka kwa Minkowski. Kama unataka kujua mtu wa kwetu aliyelifikiria jambo la namna hiyo kwa kalamu, yupo John Mbiti wa Kenya, kasisi na mwanafalsafa, aliyeandika mwaka 1969 kwamba kwa jamii nyingi za Kiafrika aliyefariki hubaki ndani ya Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, ndipo polepole huingia Zamani. Alipingwa, na Kwame Gyekye wa Ghana alikuwa miongoni mwa waliompinga kwa hoja nzuri, hasa pale Mbiti alipodai kwamba Waafrika hawakuwa na fikra ya wakati ujao wa mbali. Lakini hakuna jaribio la fizikia litakalomfanya mama yako abadili alichosema akiwa na upawa mkononi. Ndugu wengine waliokusikia kwenye ibada huna haja ya kuwaitisha tena kikao. Akikuuliza mtu, mwambie wakubwa wa elimu hiyo bado wanabishana.

Fanya hivi. Mtangulie kaka yako kumwendea, usimtume mama. Mwambie aumalize, na umwombe kitu kimoja: upande wa kushoto, ule wa baba, asiuguse isipokuwa mbao imepasuka kweli. Mafundi wanajuana mikono. Atalielewa ombi hilo bila maelezo ya galaksi. Kabla hajaanza, mwiteni fundi mwingine mzee wa mwalo auzungukie mtumbwi na kugonga mbao moja moja, ili gharama ya nyongeza ijulikane mapema. Kisha nendeni wote wawili kwa tajiri. Advansi ile ni deni la marehemu, na amesubiri kwa adabu kuliko wengi. Mpeni tarehe, mkiitaja iwe ya kweli, na kama mbao zimeongeza gharama mzungumze naye waziwazi. Asipokubali, gharama hiyo ni yenu, kwa sababu ucheleweshaji ulikuwa wenu.

Vifaa vya kazi apewe kaka, anayevitumia. Penseli chukua wewe.

Na kijana akirudi likizo nyingine, msimfukuze kwenye mazungumzo. Muulize swali la Huggett na Wüthrich kama nilivyokuandikia hapo juu, umwache alihangaikie, huku akishika ncha ya pili ya mbao kaka yako anapopigilia upande wa kulia.